Mama, Pua Yangu Imekula Shanga

Hotuba kwa wazazi na walezi wa watoto wadogo

Walimu wetu, wazazi wenzangu, walezi, na nyinyi babu na bibi mlioketi hapo mbele, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Mimi ni mama wa wavulana watatu. Mkubwa ana miaka 9, wa kati ana 6, na kitinda mimba ametimiza 4 juzijuzi. Kila nikitaja idadi hiyo mbele za watu, wengine huniambia hongera na wengine huniambia pole. Tena hiyo pole huja na sauti ya chini, kama nimefiwa. Nilipoombwa kuzungumza leo nilikubali upesi kwa sababu ya hiyo pole. Nataka niwasimulie ninayoyaona nyumbani kwangu tangu alfajiri hadi saa ya kulala, maana naamini kwa moyo wote kwamba pale watoto hawa wanapotuchekesha ndipo tunapoziona akili zao zikifanya kazi. Mtoto akikuchekesha bila kukusudia, jua kwamba kabla ya hapo alifikiri sana.

Nianze na shanga.

Jioni moja wa kati na mdogo wake walikuwa sakafuni wakitunga shanga za plastiki. Kukawa kimya. Mnaolea wavulana mnajua kwamba kelele haimwinui mzazi kitini kama ukimya unavyomwinua. Nikaenda kuangalia, nikamkuta kitinda mimba amesimama mlangoni, mikono nyuma, uso umetulia kabisa. Akaniambia, "Mama, pua yangu imekula shanga."

Yaani yeye hakufanya kitu. Pua ndiyo iliyokula, naye amekuja kutoa taarifa. Nikamuuliza tundu lipi. Akapapasa yote mawili kwa kidole, akafikiri, akasema, "Lile linaloona njaa."

Nilipiga simu zahanati, na muuguzi aliyepokea akanielekeza hatua kwa hatua. Unaziba kwa kidole lile tundu lililo wazi. Unafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wako, kama unayetaka kumbusu. Unapuliza polepole mpaka uhisi pumzi imekwama, kisha unapuliza mara moja, kwa nguvu na kwa ufupi. Hewa huzunguka nyuma ya pua na kukisukuma kile kitu nje. Baadaye nilisoma kwamba njia hiyo huitwa busu la mama, na kwamba wa kwanza kuieleza ni daktari wa New Jersey, Marekani, aitwaye Vladimir Ctibor, mwaka 1965. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba hufanikiwa kwa takriban watoto 6 kati ya 10. Wangu alikuwa miongoni mwa hao sita. Shanga ilichomoka, ikanigonga shavuni. Ilikuwa ya kijani.

Hakulia. Aligusa pua yake, akanitazama kwa mshangao, akasema, "Umenipuliza kama puto!" Kisha akakimbia kuwapa kaka zake habari. Dakika kumi hazikupita, nikasikia wanabishana pua ya nani ina nafasi kubwa zaidi, na kitinda mimba anaomba shanga ya bluu ili apewe tena lile busu. Usiku uleule shanga zote zilipanda juu ya kabati, na ziko huko mpaka leo.

Hapa nawaomba tusicheke kwa dakika moja. Kama kilichoingia puani au kilichomezwa ni betri ya kifungo, zile ndogo bapa za mviringo zinazotiwa kwenye vichezeo na rimoti, usipulize wala usingoje asubuhi. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye umio inaweza kuanza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa 2. Na sumaku vilevile: zikimezwa mbili, huvutana zikiwa ndani ya matumbo na kuyabana katikati yake. Kwetu, kila kichezeo chenye betri hizo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu, na baba yao hukagua mwenyewe kila Jumapili.

Kipande cha plastiki kidogo kisicho na ncha kali ni habari nyingine. Hilo tulijifunza kwa wa kati, aliyemeza kichwa cha kijitu cha Lego. Daktari alimchunguza, akasema kitapita chenyewe, tungoje tu. Basi tukangoja. Mkubwa alichora jedwali na kulibandika kwenye mlango wa choo: tarehe, saa, na safu ya tatu yenye neno "Kimetoka?" Kila mgonjwa alipoingia, wenzake wawili walisimama nje ya mlango kama askari.

"Kimetoka?"

"Bado!"

Siku ya pili nilimkuta kitinda mimba ameweka mdomo kwenye tumbo la kaka yake, anazungumza na kile kichwa kwa upole. Alikuwa anakiambia kisiogope, mwili wake uko kwenye sanduku la vichezeo, unakisubiri.

Nilifurahi sana nilipokuja kusoma kwamba wako watu wazima waliofanya jambo hilohilo kwa makusudi. Wataalamu 6 wa afya ya watoto walimeza kila mmoja kichwa cha Lego, wakachunguza wenyewe kitatoka lini, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2018. Kwa wastani vichwa vilitoka baada ya siku 1.71. Cha mmoja wao hakikuonekana kabisa. Walichotaka kuwaambia wazazi ni kwamba kitu kama hicho hupita bila madhara, na hakuna haja ya kukaa unachokora choo cha mtoto. Nilimsimulia mkubwa habari hiyo, naye akaniuliza, "Yule ambaye hakukiona, kwenye jedwali lake aliandika nini?" Nikamwambia hilo ni swali la mtafiti. Jioni nzima alitembea kifua mbele.

Sasa twende bafuni.

Wa kati alitumwa kuoga. Tukasikia maji yakimwagika, muda mrefu tu, wa kuoga watu wawili. Alipotoka nywele zilikuwa zimelowa, taulo imelowa, naye ananukia sabuni. Nikamwambia hongera, baba. Kisha nikatazama sakafu. Nyayo za tope, moja baada ya nyingine, kutoka mlango wa bafu hadi pale alipokuwa amesimama.

Nikamkalisha, akanieleza yote. Alifungua maji, akasimama pembeni ili yasimfikie. Akalowesha nywele kwa mkono. Akapaka sabuni shingoni, kwa sababu mama hunusa shingo. Akalichovya taulo kwenye beseni, kwa sababu mara iliyopita taulo lilikuwa kavu na ndilo lililomsaliti. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi yote hiyo ni kubwa kuliko kuoga." Akanijibu kwa uso wa mtu anayemfafanulia mwenzake jambo lililo wazi, "Ndiyo, lakini ningeoga ningelowa."

Baba yao ilibidi atoke nje.

Nimesema napenda kuziona akili zao zikifanya kazi, na hapa ilikuwa imefanya kazi kweli. Wanasaikolojia Kang Lee na Victoria Talwar, wote wa Kanada, wamechunguza uongo wa watoto kwa miaka mingi. Huweka kichezeo nyuma ya mtoto, humwambia asigeuke kuchungulia, kisha mtu mzima hutoka chumbani. Wengi huchungulia. Wakiulizwa, wale wa miaka 3 karibu nusu yao bado hukiri, lakini kuanzia miaka 4 na kuendelea wengi hukana. Ajabu ni kwamba wadogo wakishakana, ukiwauliza wanadhani kichezeo ni kipi, hukitaja pale pale na kujifichua. Wakubwa kidogo ndio huanza kujizuia. Ili mtoto adanganye hivyo, lazima kwanza aelewe kwamba kilichomo kichwani mwake hakimo kichwani mwako. Mwanangu alikuwa amefika mbali zaidi: alijua nitanusa wapi na nitagusa nini. Alilosahau ni nyayo, kwa sababu zilibaki nyuma yake, na yeye alikuwa anatazama mbele.

Nilimrudisha bafuni, bila shaka. Tulizungumza pia kuhusu kusema ukweli. Lakini sikumwita mwongo, na nawasihi msiwaite hivyo watoto wa umri huu. Jina likimkaa mtoto, halitoki kwa sabuni.

Mdogo wake bado hajafika huko. Yeye hana mpango wowote wa siri. Tukicheza kujificha, yeye hufunika kichwa chake kwa mto, na mwili mzima unabaki nje, miguu imenyooka. Kaka zake humzunguka wakiuliza kwa sauti, "Jamani, yuko wapi huyu mtoto?" Na chini ya mto husikika, "Sipo!"

Nilikuwa nikidhani anafikiri hatumwoni kwa sababu yeye hatuoni. Kumbe si hivyo tu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwahoji watoto wa miaka 3 na 4 waliofunikwa macho. Wengi walikubali kwamba kichwa chao na mwili wao vinaonekana. Ila "mimi", walisema, sionekani. Kwa watoto hao, kuonwa ni mpaka macho yakutane na macho. Nimelifikiria sana hilo. Maana yake ni kwamba ninapomjibu huyu mtoto huku macho yangu yako kwenye simu, kwa hesabu yake mimi sijamwona bado. Ndiyo sababu hunishika mashavu kwa mikono miwili na kuugeuza uso wangu kabla ya kusema neno lake. Siku hizi anapougeuza, namwacha augeuze.

Ugomvi nao una mafunzo yake. Wiki iliyopita wadogo wawili waligombana juu ya maji. Maji matupu, ya kunywa, ambayo mtungi wake ulikuwa mezani umejaa. Kitinda mimba alilalamika kwamba kaka yake amepewa mengi. Mkubwa, mpatanishi wa nyumba, akaichukua bilauri pana ya mdogo na kuyamimina maji yale yale kwenye bilauri nyembamba ndefu. Yakapanda mpaka karibu na ukingo. Kitinda mimba akatabasamu, akashukuru, akaanza kumcheka wa kati kwa kupunjwa. Hapo wa kati, ambaye mwaka jana naye angedanganyika, akasema, "Lakini ni yaleyale." Kisha akasita, akazitazama tena bilauri zote mbili, akaongeza, "Nadhani."

Hilo "nadhani" lilinifurahisha kuliko ugomvi ulivyonichosha. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, alifanya jaribio hilohilo la kumimina maji, akaona kwamba watoto wengi huanza kuelewa karibu na umri wa miaka 7. Wangu ana 6. Nilikuwa nimesimama jikoni nikimwona anavuka. Piaget naye alikuwa na watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, na mengi aliyoyaandika kuhusu akili za wachanga aliyapata kwa kuwatazama haohao nyumbani kwake. Alikuwa na daftari.

Na mimi ninalo. Si la kitaalamu, ni daftari la shule lenye mistari, liko juu ya friji na kalamu yake imefungwa kwa uzi. Neno likisemwa, linaandikwa kabla halijapotea, pamoja na tarehe. Niwasomee machache.

"Mama, ulipokuwa mdogo, mimi nilikuwa mama yako?"

"Sisimizi wana majina, au wanaitana tu?"

Wa kati, akiwa na miaka 5, aliambiwa kwamba meno ya utotoni ni 20 na yote yatang'oka. Akauliza, "Na macho?" Hakulala usiku ule mpaka baba yake alipomhakikishia kwamba macho hayang'oki.

Na hili la kitinda mimba. Aliahidiwa kwamba kesho atapanda treni. Asubuhi akaamka wa kwanza. "Hii ndiyo kesho?" Kaka yake mkubwa akamjibu, "Hapana, hii ni leo." Akakaa chini kwenye sakafu, akaanza kulia. "Kesho imepita nikiwa nimelala!"

Ilituchukua robo saa kumtuliza, na hata sasa sijui kama nilimweleza vizuri. Jaribuni nyinyi wenyewe kumweleza mtoto wa miaka 3 maana ya kesho.

Habari za kulala nitazipitia haraka, maana mnazijua. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na wangu, taa ikizimwa, ndipo anapokumbuka kiu, kisha choo, kisha kwamba hajamwambia baba jambo muhimu sana. Jambo lenyewe, akiitwa baba, ni "Hujambo?"

Nifike kwenye lile ambalo hasa limenileta mbele yenu. Nimemwomba mkubwa ruhusa ya kulisimulia, naye ameniruhusu kwa sharti moja: niseme kwanza kwamba ameshaacha. Basi, ameshaacha, miaka miwili sasa.

Alipokuwa na miaka 7 alikuwa bado anakojoa kitandani. Wazazi wengi hapa wanayo hayo nyumbani na hawayasemi. Kwa umri wa miaka 5, watoto wapatao 15 kati ya 100 hukojoa kitandani, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kila mwaka sehemu yao huacha wenyewe bila dawa. Si uvivu wala jeuri. Mtoto amelala, kibofu kimejaa, na usingizi haujajifunza kusikia. Sisi tulikuwa tukibadilisha shuka na kuendelea na maisha. Kisha akaja ndugu kutukalia siku chache, akaliona godoro juani, akacheka mbele ya watoto wote. "Mwanamume mzima!" alisema. "Na huyu ndiye kaka mkubwa?"

Mwanangu hakulia. Natamani angelia. Alinyamaza. Siku ya kwanza nilidhani amechoka. Siku ya pili nilikuta shuka lililolowa limesokotwa ndani ya begi lake la shule, chini ya madaftari. Mtoto aliyekuwa akiniuliza maswali mpaka mlangoni mwa choo hakuniuliza hata moja. Katika daftari langu la juu ya friji wiki ile kuna tarehe tu, hazina maneno.

Asubuhi ya nne, wa kati, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 4 na alishaacha nepi zamani, alikuja jikoni amelowa kuanzia kifuani mpaka magotini. Akatangaza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Na mimi nimekojoa kitandani! Sana!"

Nikaenda kuangalia. Kitanda kilikuwa kimelowa kweli, mpaka kwenye mto. Maji yalikuwa ya baridi. Hayakuwa na harufu yoyote. Na pale kando ya mto, kikiwa kimefunikwa nusu na blanketi, kilikuwepo kikombe.

Mkubwa alikuwa amenifuata nyuma. Alikitazama kile kikombe. Akamtazama mdogo wake, aliyesimama mlangoni anadondosha maji, anatetemeka kwa baridi, anasubiri kuona kama mpango wake umefanikiwa. Midomo ya mkubwa ikaanza kucheza. Akauliza, "Umekojoa mpaka kichwani?"

"Ndiyo," akajibu mwenzake. "Mimi nakojoa juu."

Wakacheka wote wawili mpaka wakaketi chini. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na sioni haya kuwaambia. Tukazibeba shuka zote mbili, sisi watatu, tukaenda kuzifua. Mkubwa akiwa anakamua alianza kuniuliza kwa nini sabuni hutoa povu.

Wazazi wenzangu, ndugu yule alicheka, na hawa nao walicheka, kwa jambo lile lile la shuka lililolowa. Kicheko cha kwanza kilimfunga mtoto mdomo siku tatu nzima. Wavulana wetu huambiwa mapema sana wanyamaze, wasilie, wajikaze, na wengi wao hutii. Sitaki wangu watii hilo. Nataka wakiingiwa na kitu puani, au moyoni, waje mlangoni wanitolee taarifa. Kwa hiyo nyumbani kwetu tuna sharti ambalo mume wangu na mimi tuliliweka asubuhi ile na ambalo mgeni yeyote huambiwa akifika: tunacheka na mtoto akiwa anacheka. Kama hacheki, tunangoja. Kuna mengine tumeyangoja mwaka mzima, nasi tumeyacheka pamoja naye alipokuwa tayari, tena yeye ndiye aliyeyasimulia.

Nilikuwa na mengine ya kuwaambia kuhusu soksi, na kuhusu mvulana aliyejinyoa nyusi moja ili aone kama itarudi ikiwa na rangi ile ile. Ilirudi. Ila naona saa imekwenda, na kuna jambo linanikereketa tangu nilipotoka nyumbani jioni hii.

Nilipokuwa navaa viatu waliniuliza ninakwenda wapi. Nikawajibu nakwenda kuwasimulia watu habari zenu. Wakubwa wawili wakafurahi, kila mmoja akachagua hadithi yake. Kitinda mimba alikuwa amekaa juu ya sanduku la vichezeo, miguu inaning'inia, mikono yote miwili imeshikilia kifuniko kwa nguvu. Akasema, "Usisahau kuwaambia kuhusu sisimizi."

Mimi sina habari yoyote ya sisimizi. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na mniwie radhi, sitabaki kwa maswali. Nawahi nyumbani.